Mama Mkwe Upande wa Pili wa Meza

Walisema sitaweza. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alilisema hilo akiwa amesimama mlangoni pa karakana yangu hapa Mengo, Kampala, anatafuna hindi la kuchoma. "Wewe Mkenya unaweza kufufua friji iliyokufa, hiyo nakubali. Lakini mama yangu hutamlisha. Hata kijiko kimoja." Fundi cherehani wa jirani akacheka mpaka akakosea mshono. Na mama yangu mzazi, kwa simu kutoka Kakamega, akanimaliza kabisa: "Mwanangu, hata huku kwetu mtu hali na mama mkwe wake. Umesoma mpaka ukasahau?"

Mimi sipendi kuambiwa sitaweza. Waliniambia sitapata pasi ya kusafiria, nikaipata. Waliniambia kule Guangzhou, China, nitabeba mizigo mpaka mgongo upinde. Nikabeba mizigo mchana, nikasoma jioni, na baada ya miaka minne nikarudi Kampala nikiwa na stashahada ya majokofu na viyoyozi. Iko ukutani ndani ya fremu ya kioo, na mteja yeyote anayeingia karakana yangu huiona kabla hajaniona mimi. Sikurithi duka, sikuwa na mjomba serikalini. Kila bisibisi unayoiona pale nimeinunua mwenyewe.

Kwa hiyo ninapoandika habari za mama mkwe wangu, naandika kama mtu aliyeshinda mambo magumu kuliko hayo. Hata hivyo lazima niseme ukweli mapema: mwanamke huyu nimemjua zaidi ya miaka kumi na minne, na sijawahi kumwona usoni.

Mke wangu ni Mganda. Kwa Waganda, mkwe na mama mkwe hawagusani, hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawali sahani moja. Mwiko huo wanauita obuko. Anayeuvunja, wanasema, mikono yake huanza kutetemeka na haitulii tena. Shemeji yangu haamini mambo mengi, lakini hilo analiamini. Mimi ni mtu wa stashahada, siliamini. Ila kazi yangu ni kuchomelea mabomba membamba ya shaba, na mtu wa kuchomelea shaba hafanyi majaribio na mikono yake.

Basi nilimjua mama mkwe kwa vipande. Kwanza miguu. Siku ya kujitambulisha kwao nilikuwa nimepiga magoti na kuinamisha kichwa, na miguu yake ikapita mbele yangu chini ya pindo la gomesi, lile vazi refu la Kiganda, ya rangi ya dhahabu: mipana, imara, visigino vya mtu aliyesimama sokoni maisha yake yote. Nikiulizwa leo nimtambue kwa sura, nitashindwa. Kwa miguu, nitamtoa katikati ya wanawake mia. Najua pia mgongo wake, namna anavyouinua mzigo bila kuguna. Najua kikohozi chake, kikavu na kifupi, ambacho hakikutokana na kifua. Kilikuwa honi. Alipokaribia mahali nilipo alikohoa mara mbili, nami nikatafuta mlango wa nyuma.

Mara moja tu honi haikusaidia. Ilikuwa soko la Owino, katika kile kichochoro cha wauza viatu ambacho watu wawili hawapishani bila mmoja kuzuia pumzi. Mimi natokea huku, yeye anatokea kule, nyuma yake wachukuzi wa marobota wanapiga kelele. Niliinamisha macho haraka, nikaona ile miguu ikigeuka na kuingia kibanda kilichokuwa karibu. Kilikuwa kibanda cha kinyozi wa wanaume. Nilisikia kijana wa kinyozi akisema kwa heshima, "Karibu nnyabo, tunyoe?" Wachukuzi walikuwa bado wamenizuia mlangoni, siwezi kwenda mbele wala nyuma. Kisha nikasikia sauti yake nzito ikisema, "Kale, haya. Nyoa kidogo." Mashine ikaanza kuunguruma. Kwa majuma kadhaa alivaa kitambaa kichwani hata ndani ya nyumba, na mke wangu alipouliza, akajibiwa, "Muulize huyo."

"Huyo" nilikuwa mimi. Jina langu hakuwahi kulitamka. Nilikuwa "huyo" nilipokuwa mbali na "huyo" nilipokuwa nyuma ya pazia, umbali wa mkono, nikisikia kila neno. "Ambia huyo chai iko." "Ambia huyo paa yake inavuja." Binti yetu ndiye aliyekuwa mjumbe tangu niliporudi kutoka China. Akiwa na miaka sita alikuwa amechoka na kazi hiyo. Jajja yake, yaani bibi yake, angezungumza dakika tano nzima juu ya ada ya shule, juu ya tabia za wanaume wa Kikenya na juu ya umuhimu wa kununua mkaa kwa gunia, kisha mtoto angegeuka na kuniambia, "Baba, Jajja anasema hapana."

Biashara yake ilikuwa mapazia ya mitumba. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi: mwanamke aliyeuza mapazia mchana kutwa, akirudi anaishi nyuma ya pazia kwa ajili yangu. Na msidhani alikuwa mtu wa haya. Sokoni alimkamata polisi shati akidai bei yake. Aliwabishia Wakongo kwa Kiswahili chao na Wakenya kwa Kiswahili chetu, akichanganya r na l apendavyo, na hakuna aliyemshinda. Mteja akilalamika kwamba pazia lina doa, alijibu, "Hilo ni dirisha lako litakalolitazama, si wewe." Ukimwita mzee: "Mimi si mzee. Nilianza mapema." Na ukimwomba jambo asilolitaka: "Sijakataa. Nimesema baadaye." Baadaye yake ilikuwa haifiki.

Alikuwa na ukali wa sheria, lakini pia alikuwa fundi wa kuzipinda. Hilo nililijua nilipokuwa Guangzhou.

Nilipoondoka, mke wangu na mtoto, ambaye alikuwa hajaanza kutembea, walihamia kwake Kalerwe. Jumapili ya kwanza nilipiga simu nikitegemea kusikia mke wangu. Ikasikika sauti nzito: "Wewe huyo! Unakula?"

Nilishikwa na butwaa kiasi kwamba nilisimama kitandani. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuelekeza neno kwangu. "Mama?" nikasema.

"Nauliza unakula?"

"Nakula, Mama. Lakini... si tumekatazwa?"

"Unaniona?"

"Hapana."

"Mimi nakuona?"

"Hapana."

"Basi unaogopa nini? Kati yetu kuna bahari. Wanakula nini hao?"

Tangu siku hiyo, kila Jumapili jioni, mimi na mama mkwe tulizungumza. Aliuliza kama Wachina wana ndizi za kupika, na kama mkwe wa Kichina huwakimbia wakwe zake. Nikamwambia huko familia nzima huketi meza moja ya duara, na katikati kuna kioo kinachozunguka kikileta chakula kwa kila mtu. "Na mama mkwe yuko hapo hapo?" akauliza. Yuko hapo, nikasema. "Bambi," akasema, kwa huruma, kama aliyesikia habari za mafuriko.

Mwaka wa pili nilitaka kuacha masomo. Nilikuwa nasinzia darasani, mikono imechubuka, na mhadhiri alikuwa anasema haraka kuliko masikio yangu. Sikumwambia mke wangu. Nilimwambia yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maliza hiyo karatasi. Ukirudi bila karatasi utaniambia nini? Na huwezi kuniambia kitu, mimi ni mama mkwe wako. Kwa hiyo maliza." Nilimaliza. Watu huniuliza siri ya mafanikio yangu, nami hujibu ni bidii, na ni kweli, lakini sehemu ya bidii hiyo ilikuwa inatoka Kalerwe kwa simu.

Siku niliporudi walikuja uwanja wa ndege wa Entebbe kunipokea. Nilimwona mke wangu, nikamwona binti yangu ambaye hakunitambua, na nyuma ya nguzo nikaona ile miguu. Nikasahau kila kitu, nikaita, "Mama!" Miguu ikatoweka. Jumapili iliyofuata nilipiga simu, nikiwa Mengo na yeye Kalerwe. Akapokea mke wa jirani yake: "Mama anasema sasa uko karibu. Simu ya nini?"

Hivyo nikawa nimepata karatasi, nikapata karakana, nikapata gari, nikampoteza mtu wa kuzungumza naye. Nilimpelekea sukari, nilimpelekea mablanketi, nilimtengenezea friji mpya kabisa kutokana na tatu mbovu. Vyote alivipokea kupitia mtoto. Chakula ndicho alichokataa. Akija kwangu kumwona mjukuu alikuja na ndizi zake kwenye kikapu na chai yake kwenye chupa, akala jikoni mlango umefungwa, akaosha sahani aliyokuja nayo, akaondoka. Miaka minne alilisha mke wangu na mtoto wangu, na yeye hajaonja hata wali wangu mweupe. Jambo hilo lilinikaa kooni.

Kisha mwaka huu akatangaza kwamba ameachia meza yake ya sokoni na anarudi kijijini kwake, upande wa Masaka, kupanda kahawa. Ataondoka Jumatatu. Nikajua nikikosa sasa nimekosa. Atakufa huko siku moja, mimi nitasimama msibani na suti yangu, na itakuwa kweli kwamba hakula kwangu hata mara moja.

Ndipo nikasema: Ijumaa familia nzima tunakula mjini, kwa Wachina. Mahali hapo ninapajua, chumba chao cha baridi nimekijenga mimi, na kina vyumba viwili vidogo vya wageni vilivyopakana. Mpango ulikuwa rahisi: mama mkwe, mke wangu na binti yangu chumba cha kwanza, mimi na shemeji cha pili, chakula kimoja, ukuta katikati. Nikamtuma binti yangu. Majibu yakaja.

"Jajja hajakataa. Amesema baadaye."

"Mwambie Jumatatu hakuna baadaye."

Akaenda, akarudi. "Amesema sawa. Lakini usimwone, usimguse, na kijiko chako kisiingie kwenye chakula chake."

Nilifika mapema, saa kumi na moja na nusu, nimevaa koti langu la Guangzhou. Mama mwenye mgahawa, Mchina mfupi mwenye sauti ya kengele, alinipokea kwa furaha iliyonitia hofu. Alikuwa ameniandalia zawadi. Alisikia namleta mama mzee wa familia, basi akavunja ule ukuta wa mbao kati ya vile vyumba viwili na kuweka humo meza yake kubwa kuliko zote, ya duara, yenye kioo kinachozunguka. "Familia moja, meza moja!" alisema kwa Kiswahili alichojifunza kwa wapishi wake.

Nikajaribu kumweleza kwa Kichina. Kichina changu ni kizuri sana kwa habari za gesi, mota na bomba, lakini habari za obuko hakina. Akaelewa kwamba mama mkwe ana ugonjwa wa kuambukiza, akakimbia kuleta barakoa. Nikamweleza tena. Akaelewa kwamba tumegombana, akanishika mkono na kunitaka niombe msamaha. Meza nyingine zote zilikuwa zimeshakodiwa na watu wa harusi. Na hapo, kutoka kwenye ngazi, nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Niliingia jikoni mbio, nikajifungia ndani ya chumba cha baridi nilichokijenga mwenyewe. Naweza kusema kwa uhakika kwamba kinafanya kazi vizuri. Niliketi kati ya bata waliotundikwa, nikifikiri, na baridi ya kutosha husaidia akili. Nilipotoka nilikuwa nimeshapata dawa. Nilimtuma mhudumu awageuze wanawake watazame dirishani, nikafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo juu ya meza, nikatundika vitambaa vitatu vya meza kwa vibanio vya nguo, vikaigawa meza nusu kwa nusu. Pindo nikaliacha juu ya kioo kwa kimo cha shubiri moja na nusu, ili sahani zipite chini yake kama magari chini ya daraja. Nikazungusha kujaribu. Kikapita kikombe, ikapita chupa ya sosi. Nani mwingine hapa Kampala angefikiria hilo?

Shemeji akatazama kazi yangu. "Lakini ni meza moja," akasema.

"Ni meza mbili. Kuna kitambaa."

"Miguu ya meza ni mingapi?"

"Minne."

"Basi ni moja. Mama hawezi kula. Mama! Usile, ni meza moja!"

Upande wa pili nilisikia kiti kikisogezwa, na moyo wangu ukasogea nacho. Mke wangu akaanza kusema kitu, akanyamazishwa. Kisha sauti nzito ikasema, "Ambia huyo, meza ni ya huyu mama Mchina. Si yake wala si yangu. Sisi wote ni wageni." Kisha ikaongeza sheria: kila sahani ianzie upande wake, atakachoacha ndicho kitakachotufikia, na kilichoguswa na kijiko changu kisirudi.

Nilikubali kwa moyo wote. Nikaagiza kama mtu aliyefaulu. Ilianza sahani ya maandazi ya mvuke yaliyojazwa nyama. Mhudumu aliiweka upande wao, na baada ya dakika chache kioo kikazunguka, sahani ikatokea chini ya kitambaa. Tupu.

"Amekula?" akauliza shemeji, macho yamemtoka.

"Unaona nini?" nikasema.

Ukaja wali wa kukaanga na mayai. Ukarudi mtupu, hata punje haikubaki. Ikaja nyama ya ng'ombe na pilipili hoho. Likarudi jani moja la kitunguu. Zikaja tambi, zikaja mboga. Mimi na shemeji tulikuwa na bakuli la karanga za kuchemsha na tulizila kwa adabu, moja moja. Sijawahi kuwa na njaa tamu kama ile. Kila sahani tupu iliyotoka chini ya kitambaa ilikuwa cheti kingine kwangu. Nikaagiza bata mzima. Nikaagiza na samaki mkubwa wa mvuke mwenye tangawizi, nikamwambia mhudumu kwa sauti ya kusikika pande zote mbili, "Mama akipenda, lete wa pili."

Bata akarudi. Yaani ilirudi sahani ya bata.

Shemeji akaweka karanga yake chini. "Mukoddomi," akasema, akiniita mkwe kwa Kiganda kama anavyofanya akiwa na wasiwasi, "huyu ni mama yangu, namjua. Usiku anakula ndizi mbili na chai. Bata mzima ameingia wapi?"

"Chakula changu ni kitamu."

"Hata mifupa ni mitamu?"

Hapo binti yangu akatoa kichwa pembeni ya kitambaa. Ana miaka kumi na miwili sasa, na uso wa mjumbe aliyechoshwa na pande zote mbili. "Baba," akanong'ona, "Jajja hajala. Anafungasha."

Chini ya kiti chake mama mkwe alikuwa na mfuko ule mkubwa wa kubebea mapazia, na ndani yake makopo ya plastiki yenye vifuniko, yamepangwa. Tangu andazi la kwanza, mke wangu na binti yangu walikuwa wanaonja kidogo, na yeye anahamisha kila kitu kwenye makopo, akiyafunga moja baada ya jingine. Kinywani mwake hakikuwa kimeingia kitu.

Shemeji hakucheka. Ningependa angecheka. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia jirani aliyeungua duka. Nikavua koti. Nilikuwa tayari kusimama, kulipa, kuondoka, na kumwacha aende Masaka na ushindi wake. Nimekaa kwenye nchi ya watu, nimelala juu ya maboksi, na sikuwahi kujisikia mdogo kama nilivyojisikia mbele ya kile kitambaa cheupe.

Simu yangu ikalia. Jina lilikuwa lake. Nilisikia mlio upande wangu na pumzi zake upande wa pili, umbali wa meza.

"Wewe huyo," sauti ikasema, mara mbili, moja sikioni na moja kupitia kitambaa. "Umekasirika?"

"Mama, chakula ni chako. Kwa nini huli?"

"Unaniona?"

"Sikuoni. Nimeambiwa."

"Unafikiri mtoto wako alilishwa na nani?"

"Na wewe, Mama. Ndiyo maana..."

"Mimi!" Akacheka, kicheko kifupi. "Mwaka ule soko lilipoungua mapazia yangu yote yaliungua. Nilikuwa nauza nini? Moshi? Wewe uko kule unaniambia mhadhiri anasema haraka haraka. Ningekwambia, ungerudi. Ungerudi bila karatasi. Nikakwambia tunakula. Na tulikula, ssebo. Lakini si changu. Nilikula vya watu. Watu hao hawajawahi kuona meza ya kuzunguka. Nitakaaje hapa nimeze bata, na wao wako pale?"

Nilijua soko liliungua. Mke wangu aliniambia baadaye, kama habari ya kawaida. Hakuna aliyeniambia ni meza ya nani iliyoungua.

"Haya," akasema. "Agiza huyo samaki wa pili. Makopo mawili yamebaki. Halafu uyaweke yote kwenye hizo baridi zako, kesho asubuhi uyapashe moto uje Owino. Na ndugu yako hapo umpe chakula, nasikia anatafuna karanga kama panya." Akakata simu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Owino na mifuko miwili mizito, nimevaa koti lile lile, kwa sababu nilitaka waone mtu wa namna gani walimlisha. Mama mkwe alitembea mbele, nami nyuma, hatua kumi au zaidi, nikifuata visigino. Alisimama kwenye meza ya kwanza, akaonyesha kwa kidole bila kugeuka, nami nikaweka kopo na kurudi nyuma.

"Huyu ndiye?" akauliza mwenye meza, Mkisii muuza blanketi. "Ndiye aliyekuwa China? Mwanao alilala juu ya bidhaa zangu miezi mitatu. Alinikojolea dazeni nzima!"

"Samahani, Mama," nikasema.

"Samahani ya nini? Niliziuza hivyo hivyo." Akafungua kopo, akanusa. "Ee, bata!"

Mkongo anayesuka nywele alisema alimsuka mke wangu kila mwezi asionekane mke aliyeachwa. "Niliambia yeye, mwanaume akirudi akute kichwa kizuri." Mzee muuza sufuria alisema yeye ndiye aliyembeba binti yangu hospitali usiku wa homa, akiwa ndani ya sufuria kubwa la pilau kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hakukuwa na mwavuli. Sikuwahi kusikia habari ya homa. Muuza maziwa alichukua kopo lake la tambi, akanitazama koti kutoka kola hadi vifungo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Safu nzima ilikuwa hivyo. Nilikuwa nasema kwa miaka mingi kwamba nilijisomesha peke yangu. Bado nasema nilijisomesha. Peke yangu nimeliacha.

Makopo yakaisha, likabaki moja, la samaki. Nilisimama nikingoja kidole kionyeshe. Hakikuonyesha. Mama mkwe alikuwa amefika mwisho wa safu, kwenye meza iliyokuwa yake, ambayo sasa ilikuwa na mapazia ya mtu mwingine. Akaketi juu ya robota, mgongo kwangu. Yule Mkongo akanitazama, akaelewa kabla yangu, akanipokonya kopo mkononi na kumpelekea.

Alilifungua. Akanawa mikono kwa maji ya chupa, polepole, kwanza kulia kisha kushoto. Akashika samaki kwa vidole, akaanza na kichwa, kama watu wanaojua samaki wanavyofanya. Niliona mabega yakisogea. Niliona masikio yakipanda na kushuka. Wanawake wa safu ile walikuwa wanakula na kubishana kama bata ana mifupa mingi kuliko kuku, na yeye katikati yao alikula mpaka nikasikia kopo likikwaruzwa.

Alipomaliza alifuta vidole, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza viatu, bila kugeuka:

"Ambieni huyo hapa hakuna anayemdai tena. Aende kazini. Watu wana friji."